Miwani ya Mama Vidole

Kila siku shule ikitoka, Chiriku hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alikata kona penye kinyozi, akapita mbele ya duka la vipuri vya baiskeli, akaingia katika kiwanda cha uchapaji alikofanya kazi mama yake. Hapo alikaa kwenye kigoda chake, kati ya kabati la karatasi na meza ya mama, akafanya kazi za shule mpaka saa ya kutoka ifike. Jina la Chiriku alipewa na bibi yake kwa sababu ya mdomo. Mtoto yule akianza kusimulia, ungezima redio mwenyewe bila kuambiwa.

Mama naye alikuwa na jina lake la kazini. Walimwita Mama Vidole. Kazi yake ilikuwa kuchapa kwenye kompyuta maandishi ya kila aina: karatasi za mitihani, kadi za harusi, na lebo za chupa za dawa. Alichapa bila kutazama kibodi hata kidogo. Macho yalikuwa kwenye karatasi iliyosimamishwa kando ya skrini, vidole vikikimbia vyenyewe.

"Mama Vidole, wewe siku ukilala, vidole vitakuja kazini vyenyewe," alimtania Gundi, bwana mmoja mnene aliyejalidi vitabu, ambaye mikono yake haikuisha kunata.

"Na vitakufikia hapo hapo vikufinye," alijibu Mama, na chumba kizima kikacheka.

Basi, ilikuwa hivyo. Kisha Mama akaacha kujibu utani.

Kwanza aliisogeza karatasi mbali, akairudisha karibu, akaisogeza tena. Halafu herufi kwenye skrini yake zikaanza kunenepa. Kila Chiriku akifika alizikuta kubwa kuliko jana, utadhani zinalishwa. Mama alirudi nyumbani ameshika paji la uso, akalala chali na kitambaa cha maji usoni, asitake kuulizwa kitu.

Siku moja upindo wa sketi ya shule ya Chiriku ulifumuka. Mama alichukua sindano, akaulamba uzi, akautuma kwenye tundu. Ukapita kando. Akaulamba tena, ukapita kando tena. Aliirudisha sindano kwenye kopo polepole.

"Nitakushonea kesho, mwanangu."

Kesho ikaja, ikaenda zake, ikafuatwa na kesho nyingine. Chiriku alichoka kukanyaga upindo mbele ya wenzake. Alichukua stepla ya kiwandani akaubana kwa pini pande zote. Zilimchoma magotini kila alipokaa, lakini upindo ulishika. Mama hakuona chochote. Hilo ndilo lililomtia Chiriku hofu, maana huyu ndiye mama aliyekuwa akiona doa la wino kwenye kola kabla hujavuka mlango.

Jioni moja, kiwandani, Mama alimwita kwa sauti ya chini. "Sogea hapa. Tucheze mchezo. Wewe unanisomea karatasi hii, mimi nachapa."

Chiriku alifurahi, akasoma mbiombio. Mama alichapa. Siku ya pili wakacheza tena, na ya tatu, mpaka Chiriku akagundua kwamba ule haukuwa mchezo.

"Mama, kwani huoni?"

Mama alitazama mlangoni kwanza. "Herufi zinaota manyoya," alisema. "Nikizikazia macho, zinachezacheza. Chiriku, nadhani mambo yangu yamekwisha. Nadhani napofuka kama Bibi."

Bibi, mama mzazi wa Mama, aliishi nao. Alikuwa kipofu tangu kabla Chiriku hajazaliwa, na Chiriku hakuwahi kuwaza kwamba kulikuwa na wakati Bibi anaona. Sasa aliwaza.

"Bibi asijue," Mama alisema. "Itamuua kwa majonzi. Msimamizi asijue. Mtu yeyote asijue. Umenisikia?"

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Kwa mara ya kwanza maishani alikosa la kusema.

*

Hazikupita siku nyingi, Mama alinunua miwani kwa muuzaji aliyetembeza bidhaa zake barabarani kwenye ubao wenye kamba. Muuzaji yule alikuwa na kurunzi ndogo ya bluu. Aliimulika kwenye kadi, doa la bluu likaonekana. Akaweka kioo cha miwani katikati, doa likatoweka.

"Umeona, mama? Huo ndio mwanga wa bluu wa kompyuta," alisema kwa mbwembwe. "Unatafuna macho taratibu kama mchwa. Ukivaa hii, basi, umepona. Hata usijaribu, we vaa tu."

Mama hakujaribu. Mtu aliyeshikwa na hofu hununua matumaini yoyote yaliyo karibu. Miwani ile ilimbana puani mpaka ikaacha mashimo mawili mekundu. Akiinama ilimteleza, akiinuka ilimkuna nyuma ya masikio. Na kichwa kiliuma maradufu. Mama alijikaza kisabuni, akaivaa hivyo hivyo, na kila siku ikamuongezea kukata tamaa. Kama hata dawa yenyewe haifanyi kazi, alijiambia, basi ugonjwa umeshakuwa mkubwa.

Kisha ikaja habari kwamba kiwanda kimemwita mpima macho apime wafanyakazi wote. Gundi ndiye aliyeileta, akaitia na chumvi yake. "Nasikia atakayeshindwa anapelekwa stoo kufunga vifurushi!"

Alikuwa akitania. Lakini Mama alishika ukingo wa meza.

Siku ya kupimwa, mpima macho alipanga vitu vyake katika chumba cha chakula. Alikuwa na chati ya ukutani ya herufi za mbali, na kadi ya kushika mkononi yenye hadithi fupi: mstari wa juu kwa herufi kubwa, wa chini yake ndogo kidogo, mpaka wa mwisho mdogo kama sisimizi. Chati ya mbali haikumsumbua Mama. Ya mbali aliyaona vizuri. Kadi ndiyo iliyomtoa jasho.

"Nenda pale, jifanye unataka maji," alimnong'oneza Chiriku. "Isome kadi uishike kichwani, uje uniambie."

"Mama, si ni udanganyifu huo?"

"Nenda, mwanangu. Nakuomba."

Mama hakuwahi kumwomba hivyo. Chiriku akaenda, akainama juu ya kadi kwa haraka, akarudi nyuma ya kabati la karatasi na kuikariri yote. Mama aliisikiliza huku vidole vyake vikiichapa juu ya meza tupu. Ndivyo alivyokuwa. Kitu kikishapita vidoleni mwake hakimtoki.

Zamu yake ilipofika, alikaa, akaishika kadi, akaanza. "Mzee mmoja alifika mtoni jioni. Hakukuwa na daraja wala mtumbwi. Alimwona mwanawe amesimama ng'ombe ya mto, akampungia mkono..."

"Amesimama wapi?" mpima macho aliuliza.

"Ng'ombe ya mto," Mama alirudia bila kutetereka, vidole vikicheza juu ya goti.

Mpima macho aliviangalia vile vidole, akaiangalia kadi, akawa kama anataka kusema neno. Lakini foleni ilikuwa ndefu na watu wanapiga kelele. "Haya, mama. Macho yako yako safi."

Gundi aliyemfuata hakuficha kitu. "Hapa mimi naona sisimizi wanaandamana tu, bwana," alisema kwa sauti. Watu wakacheka. Mama naye alicheka, akisubiri Gundi apelekwe stoo. Wiki iliyofuata Gundi aliletewa miwani, iliyolipiwa na kiwanda, akakaa nayo mezani pake akijalidi vitabu huku akipiga mluzi. Hakuna aliyepelekwa popote.

Mama aliitazama ile miwani ya Gundi siku nzima. Alikuwa amejifungia mlango mwenyewe na ufunguo ameumeza. Angesema nini sasa?

*

Halafu kukawa na mtihani shuleni, Chiriku akachelewa kutoka, na siku hiyo Mama alichapa lebo ya dawa peke yake.

Chiriku alipofika alimkuta Msimamizi amesimama mbele ya meza ya Mama. Msimamizi alikuwa mwanamke mrefu ambaye sauti yake ilizidi kushuka kadiri hasira ilivyopanda. Siku hiyo ilibidi utege sikio kumsikia.

"Daktari ameandika mtoto apewe vijiko vitatu kwa siku. Wewe umeandika vinane. Tatu na nane, Mama Vidole. Kama nisingeipitia lebo hii, ingekuwa chupani sasa. Unajua ingemfanya nini mtoto wa mtu?"

Mama aliinamisha kichwa.

"Macho yako yamepimwa, ni mazima. Basi huu ni uzembe," Msimamizi aliendelea. "Uzembe kwenye kadi ya harusi naweza kuuvumilia. Kwenye dawa, hapana. Likitokea kosa lingine, utafute kazi mahali pengine."

Alipoondoka, Mama alibaki ameitazama skrini ambayo hakuiona. Uongo wa siku moja ulikuwa umemgeuza mzembe, yeye ambaye hakuwahi kuchelewa kazini hata kwa mvua. Na Chiriku alijua kwamba yeye ndiye aliyeukariri uongo ule.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Kulikuwa na lebo moja tu iliyobaki, ya dawa ya matone kwa watoto wachanga. Chiriku alisimama karibu na bega la mama akisoma kwa kunong'ona. Mwandiko wa daktari ulikuwa kama kuku amepita na tope.

"Mtoto mchanga apewe matone... apewe matone..."

"Mangapi?" Vidole vya Mama vilikuwa vimeinuka juu ya kibodi, vinasubiri.

"Mama, sijui."

"Tazama vizuri."

"Natazama. Inaweza kuwa moja. Inaweza kuwa saba."

"Chiriku, Msimamizi anakuja. Wewe ndiye macho yangu. Niambie tu, moja au saba?"

Chiriku aliikazia macho ile tarakimu mpaka yakauma. Alimwaza mtoto mchanga asiyemjua, kinywa wazi, tone likidondoka, na lingine, na lingine.

"Siwezi, Mama," alisema, na sasa alikuwa analia. "Nikikosea, ni mtoto atakayekunywa. Mimi siwezi kuwa macho ya watu wote. Mimi naogopa."

Vidole vya Mama vilikaa hewani kitambo. Kisha vikashuka, vikatua mapajani. Alizima kompyuta, akaenda kumwambia Msimamizi kwamba kichwa kinampasuka.

"Lebo hiyo naitaka kesho asubuhi," Msimamizi alisema kwa sauti ile ya chini. "Ukija bila lebo, njoo kuchukua vitu vyako."

Njiani Mama aliketi kwenye ngazi ya duka lililofungwa. Watu walipita, yeye akajifunika uso na upande wa kanga.

"Nikipofuka nani atawalisha?" alisema. "Wewe na Bibi, nani? Najua kuchapa tu mimi. Tangu nimezaliwa najua kuchapa tu."

Chiriku aliketi kando yake. Alimshika mkono tu wakakaa hapo, mama na mwana, mpaka mwenye duka la jirani akaanza kuwaangalia.

*

Nyumbani Bibi alikuwa ameketi kitandani akikunja nguo zilizokauka. Alizijua zote kwa kuzipapasa.

"Chiriku wangu leo vipi?" aliuliza. "Umeingia kimya kama mgeni. Ulimi umeusahau shule?"

Chiriku alimtazama mama yake. Mama alitikisa kichwa: hapana. Chiriku alipiga moyo konde.

"Nisamehe, Mama. Hii siri imenishinda," alisema, na maneno yakamtoka yote kwa mkupuo: herufi zenye manyoya, miwani ya barabarani, kadi, vijiko vinane, tone moja au saba. Alipomaliza alisubiri Bibi alie.

Bibi hakulia. Alikasirika.

"Nyie watu!" alifoka. "Mimi nimepofuka macho, masikio sijaziba. Mnadhani sikujua kuna jambo? Siku ngapi sijasikia mkasi katika nyumba hii? Mama yako, ambaye kila jioni alikuwa akishona hiki na kile, ghafla hashoni hata kifungo. Nikasema atasema. Hasemi! We binti, njoo hapa mbele yangu."

Mama alikwenda, akapiga magoti.

"Nani alikwambia mimi nilianza kwa kushindwa kusoma?"

"Si... nilidhani..."

"Ulidhani! Si ungeuliza, mimi niko hapa sijaenda popote? Mimi kusoma nilikuwa nasoma vizuri tu. Mimi nilianza na mabega. Nilikuwa nagonga milango. Nagonga kabati, nagonga watu, naambiwa nimelewa! Mbele naona, pembeni hakuna kitu. Kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Walipokuja kuniambia ni presha ya macho, nilikuwa nimechelewa. Sasa nitazame mimi puani. Usihamishe macho." Bibi alinyoosha mikono yake pande zote mbili, akachezesha vidole vya mkono mmoja. "Mkono upi unatikisika?"

"Wa kulia, Mama."

"Na sasa?"

"Wa kushoto. Na sasa yote miwili."

Bibi alishusha mikono, na hapo ndipo sauti ilipomlegea. "Basi, mwanangu. Sidhani kama umerithi kitu kwangu ila ubishi. Lakini mimi si daktari. Kesho tunakwenda kupimwa, nami nakuja. Nataka nisikie kwa masikio yangu. Na kabla ya hapo unapita kazini, unasema ukweli."

"Watanifukuza."

"Na leo walikuwa hawakufukuzi?"

Mama alisogea karibu. Aliweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake, katikati ya nguo zilizokunjwa, akalia kama mtoto. Chiriku akalia pia, kwa kuwa ilikuwa nafasi nzuri.

*

Jumamosi asubuhi Mama alisimama mbele ya Msimamizi, mikono nyuma. "Siku ya kupimwa nilidanganya," alisema. "Kadi niliikariri. Herufi za karibu sizioni. Na lebo hii siwezi kuichapa, kwa sababu sijui kama ni tone moja au saba."

Msimamizi alimtazama Mama, akamtazama Chiriku. Kisha aliichukua karatasi ya daktari, akaisogeza dirishani, akaigeuza huku na huku.

"Hata mimi sijui," alisema.

Akainua simu akapiga hospitali, akauliza. Lilikuwa tone moja. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu. Chiriku alibaki mdomo wazi. Kumbe mtu mwenye macho mazima akishindwa kusoma, anauliza!

"Nenda kwa mpima macho," Msimamizi alisema. "Mpaka aniambie uko tayari, lebo za dawa huzigusi. Utachapa kadi za harusi. Na ule uongo tutauzungumza Jumatatu, usidhani nimeusahau." Kisha sauti yake ikapanda kidogo, jambo ambalo kwake lilikuwa wema. "Ungeniambia, Mama Vidole. Mimi ningefanya nini kama si kukutafutia miwani?"

Mpima macho alimkumbuka Mama palepale. "Ah! Mama anayepiga kinanda bila kinanda. Nami nilifanya kosa siku ile. Nilipaswa kukuuliza, nikaiogopa foleni."

Safari hii alipima kila kitu. Alimulika ndani ya macho, akapima presha yake, akapima na pembeni. Bibi alikaa wima kitini kama askari wa zamu akisikiliza. Chiriku alikuwa akitafuna kucha.

"Presha ya macho ni nzuri," mpima macho alisema hatimaye. "Macho hayana ugonjwa. Ni umri, mama. Lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa mtu akikua, ikakataa kuvuta vitu vya karibu. Inampata karibu kila mtu. Ila kwa kuwa mama yako aliugua, uje kila mwaka nikuangalie. Usikose."

"Sipofuki?"

"Hupofuki."

Mama alishika kifua. Bibi alisema, "Nimesikia," akajipangusa mashavu kwa kiganja.

Mpima macho aliichukua miwani ya barabarani, akaipima kwenye mashine yake, akaguna. "Hii nguvu yake imezidi, tena vioo viwili havilingani. Lazima kichwa kiume."

"Lakini ilizuia mwanga wa bluu," Mama alisema. "Niliona kwa macho yangu, doa lilitoweka."

"Inawezekana kweli ilizuia. Lakini tatizo lako halikuwa bluu. Kuna watu wanaosema kioo cha kupunguza bluu kinawatuliza macho, wengine hawaoni tofauti yoyote. Ukipenda nitakuwekea, hakina ubaya. Ila si dawa, na kompyuta haitafuni macho. Cha kwanza ni nguvu sahihi, cha pili ni umbali. Kompyuta yako inakaa mbali kiasi gani?"

Mama alifikiri. "Hata sijui."

"Usiniambie. Nionyeshe. Kaa kama uko kazini."

Mama alivuta kiti, akafumba macho, akanyoosha mikono. Vidole vikatua juu ya meza mahali pake, bila wasiwasi. Mpima macho alimpa Chiriku kitabu akishike kiwe skrini.

"Rudi nyuma," Mama alisema akiwa amefumba macho. "Kidogo tena. Hapo."

Chiriku alijua kwamba ni hapo kweli, maana alikuwa amesimama kando ya skrini ile siku nyingi mno. Mpima macho alipima kwa utepe kutoka machoni hadi kitabuni. "Miwani ya kusomea kitabu mkononi ingekukosesha hapa. Yako tunaipima kwa vidole vyako."

Kisha ikawa kazi ya kuchagua fremu. Chiriku alitaka nyekundu yenye vito. Mpima macho alimvika Mama, akasema, "Inama utazame kibodi." Ikateleza mpaka ncha ya pua. Ya pili ilitulia, lakini baada ya muda Mama akaanza kujikuna nyuma ya masikio. "Hiyo ikikuwasha sasa hivi, jioni utaitupa," mpima macho alisema. Ya tatu ilikuwa nyepesi, ya kahawia, isiyo na mbwembwe. Aliikunja mikono ya fremu kidogo, akavisogeza vile vipande laini vya puani. "Inama. Tikisa kichwa. Cheka."

"Nicheke nini?"

"Mcheke ng'ombe wa mtoni," alisema mpima macho, akampa ile kadi ya hadithi.

Alimwekea vioo vya majaribio. Mama aliishika kadi kwa umbali uleule wa skrini, akaanza kusoma polepole. "Mzee mmoja alifika mtoni jioni... Alimwona mwanawe amesimama..." Akanyamaza. Akasogea. "Ng'ambo! Ng'ambo ya mto! Chiriku, wewe si uliniambia ng'ombe?"

"Nilikuwa na haraka, Mama!"

Bibi aliangua kicheko mpaka akashika mbavu. Mpima macho alicheka. Mama alicheka na miwani haikuteleza, kisha kicheko kikageuka kilio, na hata hapo haikuteleza. "Hii ndiyo," alisema. "Niwekee na hicho cha bluu, kwa vile nimeshakizoea akilini. Lakini najua si dawa."

"Na upumzishe macho. Kila mara tazama mbali, nje ya dirisha, upepese. Macho nayo yanachoka kama miguu."

*

Miwani ilikuwa tayari wiki iliyofuata. Jioni hiyo Mama aliivaa akiwa ameketi mezani nyumbani, na Chiriku akapita mbele yake kuchukua kikombe.

"Simama," Mama alisema. "Hicho kinachong'aa kwenye sketi yako ni nini?"

Chiriku alishika upindo. "Pini za stepla."

"Tangu lini?"

"Tangu ule uzi ulipokataa."

Mama alimvuta karibu. Aliziona zote, pini baada ya pini, na aliiona mikwaruzo myekundu magotini ambapo zilikuwa zikichoma. Akaipitisha mikono yake juu ya magoti yale.

"Umebeba haya yote bila kusema," alisema. "Uliyajifunza kwangu. Mimi niliona aibu kusema sioni, nikakufanya wewe uone kwa niaba yangu, ukadanganya kwa niaba yangu, na mtoto wa watu karibu adhurike. Nisikilize, mwanangu. Ukishindwa kuona, sema. Ukishindwa kusoma, uliza. Na mtu mzima akikuambia ufiche jambo linaloumiza watu, hata kama ni mimi, usikubali. Ulipomwambia Bibi, hukunisaliti. Uliniokoa. Sawa?"

"Sawa, Mama."

"Haya, vua hiyo sketi."

Alizing'oa pini moja moja akaziweka kwenye kisahani. Akatoa sindano kwenye kopo, akaulamba uzi, akautuma. Ukaingia mara ya kwanza. Alishona upindo wote, na alipofika mwisho akachukua mkasi, akaukata uzi.

"Nimeusikia!" Bibi aliita kutoka chumbani. "Sasa niletee na gauni langu, kifungo kimetoka tangu mwezi uliopita."